Salama kwa Kufundishia Nini? Vyuo Vikuu na Uchaguzi wa Teknolojia

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya miaka mitatu baada ya Kenya kuwa na yake. Tangu hapo vikao vya idara na kamati za TEHAMA vyuoni vimekuwa vikirudia maswali yale yale. Je, mhadhiri aendelee kutuma matangazo na maandishi ya somo kwenye kundi la WhatsApp, au kufanya hivyo ni kuvunja sheria? Zoom ni salama kuliko Google Meet? Moodle iliyofungwa kwenye seva ya chuo inatosha, au ni afadhali kuhamia kwenye wingu la kampuni kubwa? Majibu yanagongana. Kurugenzi hupiga marufuku kitu ambacho mkuu wa idara ndiye aliyekianzisha, na mwanafunzi mwenye kozi tano hujikuta na majukwaa matano, kila moja na nywila yake, asijue lipi ni la chuo na lipi ni la mhadhiri.

Kwa maoni yangu mkanganyiko huu hausababishwi na uhaba wa taarifa kuhusu programu. Taarifa zipo tele. Tatizo ni kwamba uchaguzi unaanzia mwisho: programu huchaguliwa kwanza, ikaulizwa kama ni salama, kisha ikapelekwa darasani. Programu ile ile inaweza isiwe na neno katika mhadhara wa watu mia sita, ikaleta madhara katika semina ya watu kumi na wawili, na isifae kabisa wodini au katika mtihani. Kila namna ya kufundisha huzalisha taarifa za aina yake, na kila aina ya taarifa ina mtu wake atakayeumia zikivuja. Tukianzia hapo, mabishano mengi kuhusu majina ya programu yanapoteza uzito, na mengine machache yaliyokuwa yamefichika yanajitokeza.

Teknolojia iliyotangulia mkataba

Kufundisha kwa mbali si jambo geni Afrika Mashariki. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya 1992, enzi ambayo mwanafunzi wa mkoani alisoma kwa vitabu vya kozi na kutegemea kituo cha mkoa. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, taasisi iliyokuja kuwa na makao Nairobi na iliyoanza kwa kurusha mihadhara kwa setilaiti. Moodle, kazi ya Martin Dougiamas wa Australia iliyotolewa rasmi 2002, ilienea kwa sababu ni programu huria isiyo na ada ya leseni. Mfumo wa MUELE wa Makerere umejengwa juu yake, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinaitumia. Kisha zikaja nyaya za chini ya bahari, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, na simu janja ikaingia mkononi mwa karibu kila mwanafunzi. Hadi hapo mambo yalikwenda polepole, na polepole hiyo ilitoa nafasi ya kukosea kwa gharama ndogo.

Machi 2020 iliondoa nafasi hiyo. Tanzania ilifunga vyuo vyake mwezi huo na kuvifungua tarehe 1 Juni. Kenya ilifunga kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo vyuo vyake vililazimika kuhamishia mtandaoni sehemu kubwa zaidi ya ufundishaji. Pande zote mbili jambo moja lilifanana: chombo kiliingia kabla ya mkataba. Zoom yenyewe ilitoka kwenye washiriki milioni 10 kwa siku Desemba 2019 hadi milioni 200 Machi 2020, na udhaifu wake ukaonekana mara moja. Wageni walivamia madarasa na kuonyesha picha chafu. Watafiti wa Citizen Lab wa Toronto walibaini mwezi Aprili kwamba usimbaji fiche wake haukuwa ule uliotangazwa, na kwamba baadhi ya funguo zilipitia seva za China hata pale ambapo washiriki wote walikuwa nje ya nchi hiyo. Novemba mwaka huo tume ya biashara ya Marekani iliibana kampuni hiyo kwa kuwapotosha wateja kuhusu kiwango cha ulinzi. Ni haki kuongeza kwamba Zoom ilirekebisha mengi kwa haraka, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeweka usimbaji wa mwisho hadi mwisho kwa anayeutaka. Hukumu iliyotolewa juu ya programu mwaka 2020 si hukumu ya leo. Hata hivyo bado kuna nyaraka za vyuo zinazoorodhesha programu “salama” na “zisizo salama” kana kwamba programu ni dawa iliyopimwa mara moja na kubandikwa lebo.

Neno usalama lenyewe linabeba mambo matatu ambayo hayaendi pamoja kila mara. La kwanza ni taarifa: nani anaziona, zinakaa wapi, kwa muda gani. La pili ni mtu: asidhalilishwe, asisumbuliwe, asibaguliwe na mashine. La tatu ni uendelevu, yaani somo lisikatike. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku hizo mfumo ulio kwenye seva za Dublin au Virginia, hata uwe na ulinzi wa kiwango gani, haukumsaidia mwanafunzi wa Mbeya aliyekuwa na kazi ya kuwasilisha. Mfumo unaoongoza katika jambo moja unaweza kuwa wa mwisho katika jingine, na ndiyo maana kusema “huu ni salama zaidi” bila kutaja usalama upi ni kusema nusu ya sentensi.

Darasa lipi linazalisha nini

Mhadhara mkubwa ndio mwepesi kuliko yote. Mhadhiri anasema, wanafunzi wanasikiliza, na kinachotakiwa kuwekwa mtandaoni ni slaidi, sauti au video ya mhadhiri mwenyewe. Taarifa binafsi zinazozaliwa ni chache na nyingi ni za mtu mmoja aliyelipwa kufundisha. Hapa karibu mfumo wowote unaofika kwa wengi unafaa, na chuo kinachobishana miezi sita kuhusu jukwaa la kuwekea slaidi kinapoteza muda. Hatari ya kweli ya mhadhara inaletwa na nyongeza zisizo za lazima, hasa mahudhurio ya alama za vidole au ya kutambua sura. Sheria za Tanzania na Kenya zote zinahesabu taarifa za kibayometria kuwa nyeti. Nywila ikivuja hubadilishwa, kidole hakibadilishwi. Kukusanya alama za vidole za maelfu ya vijana ili kujua nani hakuhudhuria somo la saa mbili asubuhi ni kulipa gharama kubwa kwa faida ndogo, na karatasi ya kusaini, pamoja na ujanja wote wa kusainiana, haijawahi kumvujishia mtu chochote cha maana.

Semina ni kinyume chake. Watu ni wachache lakini wanasema. Katika semina ya sayansi ya siasa, sheria, dini au jinsia, mwanafunzi hutoa mawazo ambayo bado anayajaribu, na mengine atayakana wiki ijayo. Kikao kinachojirekodi chenyewe, kikatengeneza na maandishi ya kila aliyesema nini, kinageuza jaribio la mawazo kuwa kumbukumbu ya kudumu yenye jina la mtu. Madhara yake hayaishii kwenye uvujaji. Mwanafunzi anayejua kuwa anarekodiwa hunyamaza, na semina ya walionyamaza si semina tena. Kwa hiyo kitufe cha kurekodi, ambacho katika mhadhara ni msaada mkubwa kwa aliyekosa umeme, katika semina kinatakiwa kizimwe tangu mwanzo, na mwenye sababu ya kukiwasha aieleze. Programu ni ile ile; mpangilio ndio unaopaswa kutofautiana. Nimeona ni vyema kulisema hili kwa sababu sera nyingi za vyuo huweka mpangilio mmoja kwa madarasa yote na kuuita usawa.

Mazoezi kwa vitendo ndiyo yanayosahaulika, ilhali ndiko hatari ilikolala. Mwanafunzi wa udaktari au uuguzi anayezunguka wodini, wa ustawi wa jamii aliye kwenye halmashauri, wa sheria anayesaidia ofisi ya msaada wa kisheria, wa ualimu aliye kwenye mazoezi ya kufundisha: wote wanashika taarifa za watu ambao si wanafunzi wala wafanyakazi wa chuo, na ambao hawakuwahi kubofya “nakubali” popote. Picha ya kidonda au ya filamu ya eksirei inayotumwa kwenye kundi la darasa ili mhadhiri atoe maoni ni ufundishaji mzuri kwa maana moja, na ni uvujaji wa taarifa za afya kwa maana nyingine. Picha hiyo hubaki kwenye simu za wote waliomo, katika nakala za akiba za kila mmoja, na kwenye simu zitakazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue mwaka ujao. Kwa namna hii ya kufundisha hakuna jukwaa la jumla linalotosha. Kinahitajika chombo kisichohifadhi picha kwenye simu, kinachoonyesha nani ameifungua, na kinachomwondoa mwanafunzi siku anapomaliza zamu. Chuo kisipoweza kukigharimia, jibu la busara ni kurudi kwenye majadiliano ya mdomo kando ya kitanda, ambayo yamefundisha madaktari kwa vizazi vingi.

Kati ya hizo kuna ufundishaji mseto na wa masafa. Mseto huleta tatizo la kurudufika: taarifa za mwanafunzi mmoja zikiwa katika daftari la mhadhiri, kwenye Moodle, kwenye fomu ya Google na kwenye mfumo wa matokeo, na hakuna anayejua nakala ipi ndiyo ya kweli. Masafa yana ugumu mwingine. Mwanafunzi wake mara nyingi ni mtu mzima, mwalimu au askari au mama mwenye biashara, anayesomea kwenye simu ambayo pengine inashikwa na familia nzima. Kwake mfumo unaobaki wazi bila kudai nywila ni hatari halisi kuliko mdukuzi wa ng’ambo. Vyuo vilivyoundwa kwa ajili ya watu hawa, kama Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na kile cha Kenya kilichopewa hati mwaka 2023, vina sababu ya kufikiri tofauti na chuo chenye mabweni.

Kambi tatu

Mabishano yaliyopo yanaweza kugawanywa katika kambi tatu. Ya kwanza inataka kununua: chuo kijiunge na Google, Microsoft au kampuni nyingine kubwa, kiache kuhangaika. Hoja yake ina nguvu. Kampuni hizo zina vikosi vya ulinzi ambavyo chuo chochote cha hapa hakiwezi kuviajiri, huziba mianya haraka, na seva zao hazizimiki kwa sababu jenereta imeishiwa mafuta. Udhaifu wake hauko kwenye mitambo, uko kwenye mkataba. Google ilitoa hifadhi isiyo na kikomo kwa taasisi za elimu kwa miaka mingi, kisha mwaka 2021 ikatangaza kwamba kuanzia Julai 2022 kila taasisi itagawana terabaiti 100. Kwa chuo chenye watu 40,000 hiyo ni gigabaiti mbili na nusu kwa kila mmoja, chini ya ukubwa wa video chache za mihadhara. Hakuna sheria iliyovunjwa. Aliyepewa bure hana pa kulalamikia. Isitoshe, ukubwa wa kampuni si kinga ya uvujaji. Mwaka 2020 Blackbaud, kampuni ya Marekani iliyohifadhi taarifa za wahitimu na wafadhili wa vyuo vingi, York ya Uingereza kikiwemo, ilidukuliwa na ikalipa fidia kwa wadukuzi. Baadaye mamlaka ya Marekani ilibainisha kwamba ilikuwa bado inashikilia taarifa za wateja waliokwisha kuondoka miaka mingi kabla.

Kambi ya pili inataka kuendesha wenyewe: Moodle kwa kozi, BigBlueButton kwa vikao vya video, seva ndani ya chuo au kwenye mtandao wa taasisi za utafiti kama KENET ya Kenya, TERNET ya Tanzania au RENU ya Uganda. Hoja yake kuu ni mamlaka. Taarifa hazitoki nje, mipangilio inabadilishwa na chuo chenyewe, na kebo ya baharini ikikatika aliye kwenye mtandao wa ndani anaendelea kusoma. Ninavutiwa na kambi hii, lakini watetezi wake hupenda kulifanya neno “huria” lisikike kama “salama”. Mwishoni mwa Desemba 2019 Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, chenye bajeti ambayo vyuo vyetu vinaiota, kilifungiwa mafaili yake na wadukuzi. Waliingia kwa barua pepe ya udanganyifu, wakakuta seva ambazo hazikuwekewa viraka vya usalama, na nakala za akiba zilizokuwa zimeunganishwa kwenye mtandao ule ule. Chuo kililipa bitcoin 30, karibu euro 200,000 kwa wakati ule. Ikiwa Maastricht ilishindwa kuweka viraka kwa wakati, chuo chenye fundi mmoja anayehudumia pia printa za utawala kinapaswa kujiuliza kwa unyofu. Kuwa na seva bila mtu wa kuitunza ni kubaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu kunampa kila mtu utulivu wa uongo.

Kambi ya tatu haiandiki sera; inatenda tu. Ni kundi la WhatsApp linaloendeshwa na kiongozi wa darasa, na ukweli ni kwamba ndiko sehemu kubwa ya maisha ya chuo ilipo. Nguvu yake ni kufika: ujumbe unaingia hata kwa bando dogo, na kila mtu anajua kuutumia. Ujumbe wenyewe umesimbwa tangu 2016. Hatari yake iko kwingine. Namba ya simu ya kila mwanafunzi inaonekana na wote waliomo, na msichana wa mwaka wa kwanza hana njia ya kushiriki katika masomo bila kumpa namba yake kila anayeitaka. Mhadhiri anaweza kumwandikia faraghani saa nne usiku na isijulikane kama ni kazi au si kazi. Rushwa ya ngono vyuoni ni tatizo linalotambuliwa kiasi kwamba sheria ya kupambana na rushwa ya Tanzania ya 2007 ina kifungu mahususi juu yake. Chombo kinachomfungulia mwenye mamlaka mlango wa faragha kwa mwanafunzi hakiwezi kuitwa salama kwa sababu tu ujumbe wake umesimbwa. Hata hivyo kupiga marufuku ni kujidanganya, maana makundi yatahamia mahali ambapo chuo hakioni. Afadhali yatumike kwa matangazo tu, kwa njia inayoficha namba za wanachama, na kila chenye alama, jina au malalamiko kiwe kwenye mfumo wa chuo.

Mtihani, mahali pa kusitasita

Hakuna eneo ambalo wauzaji wamelishambulia kwa bidii kama mtihani wa mtandaoni unaosimamiwa na kamera. Programu hizo hufunga kompyuta, humrekodi mtahiniwa, hufuata macho yake, na nyingine hudai azungushe kamera chumbani kabla ya kuanza. Wanaozitetea wana hoja isiyopaswa kudharauliwa: shahada isiyoaminika haina thamani, na mtihani usiosimamiwa utaibwa. Lakini ushahidi uliokwishapatikana kwingine unatosha kutufanya si tu tusitasite bali tusimame. Septemba 2021 mamlaka ya faragha ya Italia ilikitoza Chuo Kikuu cha Bocconi cha Milano faini ya euro 200,000 kwa jinsi kilivyotumia programu ya aina hiyo, ikiwemo kuchakata taarifa za kibayometria bila msingi wa kisheria na kuzipeleka Marekani. Agosti 2022 mahakama ya shirikisho jimboni Ohio iliamua kwamba Chuo Kikuu cha Jimbo cha Cleveland kilivunja haki ya katiba kwa kukipekua chumba cha mwanafunzi kwa kamera.

Kesi inayotuhusu zaidi ilitokea Amsterdam. Mwanafunzi mweusi wa chuo kikuu cha VU alilalamika kwamba programu ya usimamizi ilishindwa mara kwa mara kuiona sura yake mpaka ajimulikie taa. Desemba 2022 taasisi ya haki za binadamu ya Uholanzi ilisema kuna dalili za kutosha za ubaguzi na ikakitaka chuo kithibitishe vinginevyo. Oktoba 2023 ikahitimisha kwamba katika tukio lile ubaguzi haukuthibitika, ila chuo kilipaswa kulishughulikia lalamiko kwa uangalifu zaidi. Uamuzi huo wa pili hutajwa na wauzaji kana kwamba umefuta la kwanza. Haukufuta swali. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa 2018 ulikwishaonyesha kwamba programu za kubashiri jinsia kwa sura zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, huku kosa kwa wanaume weupe likifika asilimia 0.8 tu. Mitambo imeboreshwa tangu hapo, lakini chuo kilichopo Dodoma au Eldoret, ambako karibu kila mtahiniwa ni mweusi na wengi hufanya kazi chini ya taa hafifu, hakiwezi kukubali ahadi ya muuzaji bila jaribio lake chenyewe. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayeuza.

Tahadhari hiyo hiyo inafaa kwa vigunduzi vya akili unde. Baada ya ChatGPT kutoka Novemba 2022, vyuo vilikimbilia programu zinazodai kujua nani ameandika na nani ameandikiwa. Watafiti wa Stanford walizijaribu saba kati yake mwaka 2023 kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na binadamu, zilihesabiwa kuwa za mashine. OpenAI yenyewe ilikiondoa kigunduzi chake Julai mwaka huo kwa kukosa usahihi, na mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Vanderbilt kikazima kile cha Turnitin. Wanafunzi wetu karibu wote huandika kwa Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu. Kuwafukuzisha kwa asilimia iliyotolewa na mashine ni dhuluma, na sheria za Kenya na Tanzania zote humpa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake.

Njia mbadala ya kamera ipo, nayo si ya kubuni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho ndicho kingekuwa na sababu kubwa kuliko vyote ya kutumia kamera, kimezoea kuwakutanisha watahiniwa wake katika vituo vya mikoa. Njia hiyo ina gharama ya nauli na ya wasimamizi, na hiyo haipaswi kufichwa. Lakini gharama hiyo inajulikana, inaonekana, na haiachi nyuma maktaba ya video za vyumba vya kulala. Kwa kozi ndogo kuna mtihani wa mdomo. Kwa kozi kubwa kuna kazi zinazodai data ya mahali mwanafunzi alipo, ambazo ni ngumu kuazima.

Pingamizi la bando

Msomaji mwenye haraka atauliza: katika chuo ambacho wanafunzi wanakosa bando na umeme unakatika, faragha si anasa? Pingamizi hili ni zito, na wanaolijibu kwa kutaja vifungu vya sheria hawalijibu. Jibu langu ni kwamba mambo hayo mawili yanaelekea upande mmoja mara nyingi kuliko tunavyodhani. Sauti inayosafiri kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula megabaiti 29 hivi kwa saa. Video ya megabiti moja kwa sekunde hula megabaiti 450. Faili la maandishi la sura nzima laweza kuwa megabaiti mbili, na likishapakuliwa halidai kitu tena. Sasa tazama taarifa zinazokusanywa: faili lililopakuliwa halijui nani amelisoma saa ngapi, sauti haionyeshi chumba, video ya moja kwa moja yenye kamera za wote huonyesha nyumba ya kila mtu, watu wanaopita nyuma yake na ukuta usiopigwa lipu. Kinachokula bando zaidi ndicho kinachochungulia zaidi. Chuo kinachoamua kwamba kamera za wanafunzi zitazimwa isipokuwa kuna sababu, na kwamba kila kikao kitakuwa na toleo la sauti na maandishi la kupakua, kimemsaidia maskini na kimelinda faragha kwa uamuzi mmoja.

Mlingano huo una mipaka. Wodini na katika mtihani faragha inagharimu, kwa maana chombo salama ni ghali na njia ya ana kwa ana ina nauli. Lakini hapo ndipo fedha iliyookolewa kwenye mhadhara inapopaswa kwenda. Mradi wa HEET, uliogharimiwa na Benki ya Dunia kwa mkopo wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu ya Tanzania, umeleta vifaa na mifumo ambayo vyuo havikuwahi kuwa nayo. Swali ambalo kila chuo kinapaswa kujibu ni kama vifaa hivyo vimegawanywa kwa kufuata uzito wa hatari au kwa kufuata idadi ya wanafunzi. Idadi itapeleka kila kitu kwenye ukumbi mkubwa, mahali panapohitaji ulinzi mdogo kuliko pote.

Uamuzi ukae wapi

Kwa mizani hii, hakuna kambi inayoshinda vyuo vyote. Chuo kidogo kisicho na mafundi wa kudumu kinunue huduma ya wingu kwa mihadhara na kazi za kawaida, kikijua kwamba kinakodi. Chuo kikubwa chenye wataalamu kiendeshe Moodle yake, lakini kwa sharti kwamba bajeti ya mtunzaji inaandikwa kabla ya bajeti ya seva. Kati ya hivyo viwili, mitandao ya utafiti ya kitaifa ndiyo njia ya kati isiyotumiwa vya kutosha: vyuo kumi vikichangia kikosi kimoja cha usalama vinapata kile ambacho hakuna hata kimoja kingekimudu.

Kinachobaki ni nani aulizwe kabla ya zabuni kutangazwa. Leo mara nyingi ununuzi huongozwa na kitengo cha manunuzi na TEHAMA, na mkufunzi wa maabara au msimamizi wa wodi huona mfumo siku ya mafunzo, ukiwa umeshalipiwa. Sheria ya Kenya inadai tathmini ya athari kwa uchakataji wenye hatari kubwa, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Nairobi ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, vitambulisho vya kidijitali vya taifa, kwa sababu tathmini hiyo haikufanywa kwanza. Kama mradi wa serikali uliotumia mabilioni ulikwamishwa na hatua iliyorukwa, chuo hakina sababu ya kudhani chenyewe kitapita. Tathmini iandikwe na idara kwa kila namna ya kufundisha, kurasa mbili zikitosha: taarifa gani zinazaliwa, nani anaziona, lini zinafutwa. Mkataba ufuate baada ya hapo, ukiwa na tarehe ya taarifa za mwanafunzi kufutwa baada ya kuhitimu, namna zitakavyorudishwa chuo kikihama, na jina la ofisi itakayopokea simu siku zitakapovuja.